Injini ya Shemeji

Mume wangu hajui kukaa. Tangu nimjue, hata chakula anakula kama mtu anayesubiriwa nje, na wenzake wa barabarani walishampa jina la Kiguu, kwa kufupisha kiguu na njia, wala hawakukosea. Kiti alichoweza kukikalia kutwa nzima bila kuchezesha magoti kilikuwa kimoja tu duniani, nacho kilikuwa ndani ya lori lake. Kiti hicho sasa anakikalia mdogo wangu. Huko vijiweni watu wanasimulia kilifikaje kwake, wanacheka mpaka wanashika mbavu, na mimi nimechoka kusikia kitu kikipindishwa namna hiyo. Nakusimulia wewe kwa sababu hupandi wala hushuki mlima wetu, na nitakuomba ukimaliza kusikia uyaache hapa hapa.

Tunakaa chini ya mlima wa machimbo ya kokoto. Chumba cha mbele ndiyo ofisi yangu: cherehani mbili, meza ya kukatia, pasi, na dirisha linalotazama barabara. Nashona sare za shule. Malori ya kokoto yanateremka mbele yangu tangu asubuhi, yakitikisa vioo na kunimwagia vumbi kwenye mashati meupe ya watoto wa watu. Barabara yenyewe inashuka kama imesukumwa, inakata kona moja kali juu ya paa za nyumba, kisha inanyooka na kupita dirishani kwangu. Dereva mwenye akili anapanga gia ndogo kabla ya kona ile. Injini ndiyo inayolizuia lori, breki yeye anazigusa tu. Sijawahi kushika usukani maishani, lakini ukiolewa na mwenye lori utayajua tu, utake usitake.

Lori letu tulilinunua kwa wakala likiwa bado linanuka rangi. Baada ya miaka kadhaa mume wangu akaona injini yake haimtoshi. Lori moja kubwa lilikuwa limepinduka, kilichobaki kizima ni injini, naye akaichukua akaiweka kwenye letu. Kwa watu wa malori hilo si jambo la kushangaza. Injini zinahama kama wapangaji. Ile ya kwanza, iliyokuja na lori, akamuuzia mdogo wangu, ambaye lori lake lilikuwa limekufa injini na kuku walishaanza kutaga chini ya usukani.

Lo, injini ile ilimpenda mdogo wangu. Lori zee, la toleo la zamani kabisa, likawa linapanda mlima likiimba. Akapata kazi ya kushusha kokoto kila siku, akaezeka nyumba, akaanza kutembea kifua mbele. Na hapo ndipo mdomo wa mume wangu ulipoanza kumwasha. Kila lori lile likipita, atasema, "Sikia injini yangu hiyo." Kila akikutana na watu, "Nilimpa shemeji bure bure, injini ile haina mfano." Mwishowe akayasema mahali pasipofaa, kwenye kikao cha harusi ya mpwa wetu, mbele ya wakwe na wageni: kwamba kama si yeye, shemeji yake angekuwa mpaka leo anafuga kuku ndani ya lori.

Mdogo wangu alisimama. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. "Shemeji," akasema, "injini uliniuzia au uliniazima?"

Watu wakacheka. Mume wangu naye akajaribu kucheka, kicheko kikamganda. Tangu siku ile hawakusemeshana tena. Mdogo wangu alikuwa akija kwangu mume wangu akiwa safari, watoto wanamkimbilia, "Mjomba! Mjomba!", anakunywa chai, anaondoka kabla mwenye nyumba hajarudi. Nikawa na ndugu wa zamu.

Basi mambo yakawa hivyo mpaka kampuni iliyounda malori yetu ilipoyaita malori yake. Barua ilikuja kwa upole wa daktari anayetafuta pa kuanzia. Ilisema ndani ya injini kuna gia ndogo, si ile ya kubadilishia mwendo, inayozungusha pampu ya dizeli. Gia hiyo ilitengenezwa vibaya. Inaweza kupasuka bila dalili yoyote, hasa injini ikiwa na moto na lori limebeba mzigo, na ikipasuka injini inazima hapo hapo. Ufa wake hauonekani kwa macho. Kila mwenye lori alipeleke kwa wakala, abadilishiwe gia bila malipo. Mwishoni waliandika: hadi hapo, tafadhali endesha kwa tahadhari.

"Tahadhari ya nini?" mume wangu akauliza, ameishika barua mbali na uso. "Niendeshe taratibu ili izime taratibu?"

Nilimsindikiza kwa wakala kwa sababu nilikuwa na safari ya kununua uzi upande ule. Uzi wenyewe sikuununua. Tulikuta benchi zimejaa wenye malori, kila mmoja na barua yake iliyokunjwa na kukunjuliwa mpaka imelegea. Mwenye lori la mchanga alikuwa ameitwa mara ya kwanza kipuri hakijafika, mara ya pili kipuri kimefika lakini si chenyewe, na sasa ameitwa kuambiwa kwamba safari ile hakupaswa kuitwa. Mwenye lori la maji alikuja na mto wa kulalia, hana utani. Mzee mmoja mwenye kofia ya sufu akawa anawaeleza wote kwa sauti, "Siku nanunua hapa nililetewa chai na biskuti kwenye sinia. Leo nimeuliza choo, wameniambia kimefungwa." Watu wakacheka, lakini kicheko cha watu ambao malori yao yamelala na madereva wao wanadai.

Zamu yetu ilipofika, kijana wa mapokezi aliandika namba yetu ya chasisi kwenye kompyuta, akatabasamu. "Lori lenu limo. Liingizeni."

Likaingizwa. Mafundi wakalifungua, wakachungulia, wakaitana. Mmoja akatoka anafuta mikono. "Mzee, hii si injini yake."

"Najua," mume wangu akajibu. "Nilibadilisha."

"Basi hii haina gia ya namna hiyo. Haina shida. Unaweza kwenda."

Pale ndipo nilipomwona mume wangu anabadilika. Alikuwa ameshafungua mdomo kushukuru, akaufunga. Akarudi mapokezi mbiombio, mimi nyuma yake.

"Kijana, ile injini ninyi mnayoiita, nilimuuzia shemeji yangu. Iko kwenye lori lake. Nimwambie alilete?"

"Nipe namba yake ya chasisi."

Namba ya lori la mdogo wangu, mume wangu alikuwa nayo kichwani. Yeye anakumbuka namba za magari kuliko siku za kuzaliwa za watoto wake. Kijana akaandika, akatikisa kichwa. "Hili halimo. Hili ni la toleo la zamani, halina tatizo."

"Lori halina tatizo. Injini ndiyo inayo."

"Nakuelewa mzee. Lakini sisi kipuri tunakitoa kwa chasisi. Nikiandika chasisi ambayo haijaitwa, stoo hawatoi."

"Niuzie basi hiyo gia, fundi wangu aifunge."

"Haiuzwi. Inatolewa bure."

"Haiuzwi kwa sababu ni ya bure?"

"Ndiyo, mzee."

Kijana hakuwa mbaya, nisimsingizie. Alimwita hata mkubwa wake, akaja mama mmoja mwenye miwani, akasikiliza mpaka mwisho bila kutukatiza, halafu akasema kitu kile kile kwa maneno mazuri zaidi: injini itengenezwe ikiwa ndani ya lori ililotoka nayo kiwandani. Mume wangu akatoka nje, akakaa kwenye ngazi za wakala. Alikaa, nakwambia. Magoti yametulia, mikono imelala juu yake. Nikamsogelea, kwa sababu mtu huyu hakai.

"Anateremka nayo," akasema. "Kila siku amejaza kokoto, anateremka nayo."

Akanieleza polepole, nami nikatamani asingenieleza. Lori likiwa mteremkoni na mzigo, gia ikapasuka, injini inazima na kulikaba lori. Dereva anakanyaga klachi, hata mimi ningekanyaga. Akishakanyaga, hakuna cha kulizuia lori tena isipokuwa breki, na breki zenyewe ni za upepo unaopulizwa na injini ile ile iliyokufa. Usukani nao unakuwa mzito kama umeshikwa na watu upande wa pili. Na mbele kuna kona. Na chini ya kona kuna mapaa ya watu.

Hapo hapo akampigia mdogo wangu. Simu ikaita mpaka ikachoka. Akapiga tena. Mara ya tatu haikuita kabisa. Nikampigia mimi, ikapokelewa mara moja.

"Dada yangu! Vipi huko?"

Nikamweleza. Nilieleza vibaya, nakiri, maneno yanagongana: gia, chasisi, barua, mlima. Alinisikiliza kidogo, kisha akaanza kucheka.

"Dada, amekutuma?"

"Hajanituma, nimeona kwa macho yangu!"

"Umeona lori lenu limeandikwa kwenye barua. Langu limeandikwa?"

"Halikuandikwa, lakini..."

"Basi. Na dawa yake ni nini? Nifanye nini?"

Nilikuwa nimeshalifikia jibu, nalo lilikuwa baya. Dawa ilikuwa moja tu. Injini ile irudi kwenye lori letu.

"Sema dada. Nimrudishie injini yake, si ndivyo?" Akacheka tena, safari hii bila furaha. "Mwambie mumeo asinifanye mtoto."

Unaona mtego tuliojitegea? Mtu ameililia injini kwa watu wote, mwaka hadi mwaka, halafu siku moja anakuja na barua kwamba injini ni hatari, arudishiwe. Hata mimi ningecheka. Nikamgeukia mume wangu pale pale kwenye ngazi, nikamwambia yote niliyokuwa nimeyameza tangu kikao cha harusi. Kwamba mdomo wake utamuua ndugu yangu. Nilisema hivyo hivyo.

Kesho yake akapanda machimboni. Nimeyapata kutoka kwa wapakiaji, yeye mwenyewe hasimulii. Alimkuta mdogo wangu lori limejaa, yuko tayari kushuka. Mume wangu akasimama mbele ya lori, ameinua barua juu.

"Shemeji, usishuke. Nakuomba."

"Toka njiani."

"Soma hii kwanza."

"Nimeshasomewa. Mpigie fundi."

Mume wangu akampigia fundi mbele ya watu wote, yule yule aliyezihamisha injini zote mbili, akaweka sauti kubwa. Fundi akasema alichokijua: injini aliifungua, akaifunga, haina neno, haina hata kikohozi. Wapakiaji wakashangilia. Mmoja akapiga kelele, "Kiguu, nenda kaoe injini nyingine!" Mume wangu akaondoka njiani, na lori likampita likiimba. Akateremka mlima kwa miguu nyuma yake, na alipofika nyumbani viatu vilikuwa vyeupe kwa vumbi mpaka juu.

Siku zile nyumba yetu ilikuwa haikaliki. Mume wangu hakwenda safari. Alikuwa anazunguka kutoka dirishani kwangu mpaka getini, getini mpaka kwenye lori, analifungua, analifunga, anarudi. Akisikia lori linashuka anasimama, mkono juu, hata kama nilikuwa katikati ya sentensi. Sauti ya injini ile anaijua kama kikohozi cha mama yake. Ikipita salama anateremsha mkono na kuendelea kuzunguka. Nami nikaambukizwa. Nashona, nasikiliza. Nilishona kola ya shati ndani nje, nikaitoa, nikaishona tena ndani nje. Mkubwa wa mtaa akaenda akamsihi mdogo wangu, akajibiwa kwa heshima na akarudi mikono mitupu. Mke wa mdogo wangu akaniambia kwenye simu, "Wifi, mimi nilimwambia apumzike hata wiki. Ameniuliza nami nimenunuliwa lini."

Mchana mmoja mume wangu akaacha kuzunguka. Akanawa uso, akavaa shati la kutokea. "Vaa," akaniambia. "Twende kwa mdogo wako. Na nikisema chochote kule, wewe usiseme neno."

"Utasema nini?"

"Ukweli tumeshausema."

Tulimkuta mdogo wangu barazani anafunga kamba za turubai. Alipotuona alikunja uso, lakini ni shemeji yake, na dada yake yupo, akatupatia viti. Mume wangu hakukaa. Akasimama mbele yake, ameinamisha kichwa.

"Shemeji, umenishinda," akasema. "Ile barua ilikuwa kisingizio. Nataka injini yangu."

Nikageuka kumtazama. Akanikanyaga mguu.

"Tangu nikuuzie sijapata usingizi. Hii kubwa niliyonayo inakunywa dizeli kama imelogwa. Nikiisikia ile ikipita dirishani kwangu najiona mjinga. Nimekuja tubadilishane. Chukua hii kubwa, nipe yangu."

Mdogo wangu aliachia kamba. Nilimwona uso unamfunguka taratibu. Si kwa ubaya, jamani. Alikuwa amesubiri muda mrefu sana mtu huyu akubali kwamba yeye ndiye aliyepata na mwingine ndiye aliyepoteza. Akavuta kiti, akakaa mkao wa mwenye duka.

"Kumbe," akasema. "Kumbe. Na barua?"

"Barua ni ya lori langu. Nilikutisha tu."

"Ukamtisha na dada yangu."

"Naye nilimtisha."

Mdogo wangu akanitazama kwa huruma. Nilitaka ardhi ipasuke. Akaanza bei, na bei ile haikuwa ya pesa. Alitaka injini yetu kubwa. Alitaka na tairi zetu mbili za mbele, maana zilikuwa mpya. Mume wangu akajifanya anaumia, akabishana kidogo, akakubali. Mdogo wangu akaongeza turubai. Akakubaliwa. Akafikiri, akatabasamu, akasema, "Na kiti."

"Kiti gani?"

"Kile chako cha dereva. Chenye springi."

Mume wangu akazunguka baraza nzima, akarudi pale pale. Hapo hakuwa anaigiza. Kiti kile alikinunua siku aliyomaliza deni la lori, nilikishonea kitambaa mimi mwenyewe, bluu yenye mistari. Nikafungua mdomo, akanikanyaga tena, na safari hii aliumiza.

"Chukua," akasema.

"Na uwaambie watu wote waliokuwepo kwenye kikao cha harusi kwamba injini niliinunua, sikupewa."

"Nitawaambia."

Na aliwaambia, mmoja mmoja, kwa simu, siku ile ile, mdogo wangu akiwa pembeni anasikiliza. Mkwe wetu mmoja mgonjwa wa masikio alimfanya arudie mara kadhaa. Mimi nilikuwa nimekaa nimekunja mikono, nalia ndani kwa ndani kwa hasira, na sikujua hasira hiyo ni ya nani.

Fundi alizitoa injini zote mbili kwenye gereji yake, moja inaning'inia kwenye cheni upande huu, nyingine upande ule. Mdogo wangu alikagua kila bolti ya ile kubwa asije akauziwa mbuzi kwenye gunia. Alipowasha, ilinguruma mpaka kuku wa fundi wakakimbia. Akakaa kwenye kiti cha bluu, akajirusha rusha juu ya springi, akapiga honi mara nyingi kuliko lazima, akaondoka. Mume wangu alimsindikiza kwa macho mpaka kona. Halafu akafanya jambo ambalo fundi alidhani ni kichaa: akajinyoosha chali kwenye mabati yaliyolazwa chini gereji pale, akalala usingizi, na mdomo wazi.

Asubuhi tukaondoka kwenda kwa wakala, mimi na yeye, lori tupu, yeye amekalia ndoo iliyogeuzwa na kufungwa kwa kamba mahali pa kiti. Hakuna mlima njiani. Alikwenda mwendo wa baiskeli, kandokando, waliokuwa nyuma yetu wakitutukana kwa honi. Tulikuwa tunakaribia mzunguko wa barabara nikamwambia, kwa kejeli, kwamba mbona injini inaimba vizuri tu, huenda kweli alikuwa anaitaka.

Hakunijibu, kwa sababu injini ilizima. Haikukohoa, haikugonga. Kilisikika kitu kama mtu amevunja jino, kisha kimya. Nikaona mishipa ya mikono yake inasimama. Alikuwa anauzungusha usukani kwa mwili mzima, ameinuka kutoka kwenye ndoo, na lori haligeuki, linakwenda tu linakotaka, taratibu, kwenye ukingo ambako mama mmoja alikuwa amepanga nyanya. Yule mama akaruka. Tairi likapanda ukingo, likasagasaga nyanya za mstari wa mbele, likasimama.

Hakuna aliyeumia. Mume wangu alikuwa ameushikilia usukani bado. Mimi nilikuwa nawaza kitu kimoja tu. Lori lilikuwa tupu. Barabara ilikuwa tambarare. Tulikuwa tunakwenda mwendo wa baiskeli. Nikaiona kona ile ya mlimani na yale mapaa, nikaanza kulia kwa sauti, na mwenye nyanya akadhani nalia kwa ajili ya nyanya zake, akaanza kunibembeleza.

Tulivutwa mpaka kwa wakala. Kijana wa mapokezi aliandika namba ya chasisi, mafundi wakachungulia, namba ya injini ikasomwa. Akatabasamu. "Sasa zinalingana."

"Zinalingana," mume wangu akasema. "Itapona lini?"

"Kwa kuwa imeshavunjika, inahitaji zaidi ya gia. Vipuri viko njiani. Tutakupigia."

Lori letu liko kule mpaka ninapokusimulia. Limepangwa kwenye mstari na malori mengine yaliyoitwa, majani yameanza kupanda tairi, na kila tukienda tunamkuta yule mzee wa kofia ya sufu akiwaeleza wageni habari za chai na biskuti. Mume wangu anaendesha lori la mtu, kwa siku anazohitajika. Zile nyingine anazunguka kati ya dirisha na geti.

Na mdogo wangu anasimulia. Vijiweni, machimboni, kwenye foleni ya mizani, anasimulia jinsi Kiguu alivyokuja kwake kichwa chini kuililia injini, na jinsi alivyomvua tairi, turubai na kiti. Ana hata namna ya kuigiza sauti ya mume wangu. Juzi mteja wangu, amekuja kuchukua sketi ya mwanawe, akanisimulia mimi, hajui mimi ni nani. Nilimpa sketi yake bila kuipiga pasi. Alipotoka tu nikachukua simu.

"Unampigia nani?" mume wangu akauliza kutoka mlangoni.

"Unamjua ninayempigia. Leo anasikia yote. Anasikia ya mzunguko, anasikia ya nyanya."

Akaja akaichukua simu mkononi mwangu, bila kunipokonya, akaiweka mezani kati ya vipande vya kitambaa.

"Anakupaka matope kila mahali," nikasema. "Na wewe unakaa kimya. Kwa nini?"

"Akijua alikuwa anateremka na nini, unadhani kesho atateremkaje?"

Sikuelewa.

"Ataogopa," akasema. "Dereva akiuogopa mlima ule anakanyaga breki kuanzia juu mpaka chini. Breki zinapata moto. Zikipata moto hazishiki, hata uwe na injini nzima namna gani. Pale anashuka vizuri kwa sababu haogopi. Mwache asimulie."

Nilitaka kubishana. Nilikuwa na maneno yangu tayari, tena makali. Lakini akainua mkono, ule mkono wake, nami nikasikiliza. Huko juu lori lilikuwa linakuja na mzigo, sauti nzito, ile iliyokuwa yetu. Ikashuka, ikashuka, na kabla tu ya kona ikabadilika, ikakaza, lori likashikwa na gia ndogo.

"Pale pale," mume wangu akasema.

Lori likapita dirishani. Mdogo wangu alikuwa amekaa juu ya bluu yenye mistari, mkono nje. Alipoona dirisha liko wazi akapiga honi, ile ndefu ya kumringia shemeji yake. Mume wangu akamsubiri mpaka alipopotea, ndipo akateremsha mkono, akavuta kigoda changu cha kushonea, akakaa.